Mama Hakuguswa

Dada wa mtuhumiwa alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, mkoba mapajani, mahali pale pale alipokaa jana na juzi. Inspekta alijaribu kumpita kwa upande wa kaunta huku akijifanya anasoma simu. Haikusaidia kitu.

"Afande, mmeiangalia ile video?"

"Tumeiangalia, dada. Tumeiangalia mpaka macho yanawasha. Mdogo wako hayumo."

"Yumo. Hamwangalii vizuri nyie." Alisimama. "Mkuu wa chuo anahutubia, taa zinazimika, zinawaka, halafu mdogo wangu anapita nyuma yake na waya begani. Shati la kijani, kola nimeinyoosha mimi mwenyewe asubuhi ile. Anageuka kidogo, hivi," akageuza shingo kuonyesha, "halafu anashuka jukwaani. Mwambieni aliyepiga picha awape ile kubwa. Yumo!"

Inspekta alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi. Akauacha pale pale.

"Hayo amekusimulia yeye?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Siku ile ulikuwepo ukumbini?"

"Nani angeniruhusu kutoka kazini? Nimemwona kwenye video." Kisha kama mtu aliyekumbuka maji jikoni yanachemka, akashika mkoba wake. "Nachelewa mie. Bosi atanipigia kelele."

Akaenda zake. Inspekta alibaki amesimama na mguu mmoja juu. Kituoni walimwita Msasa, kwa sababu jambo likimwingia kichwani hulisugua mpaka lichubuke, na kwa sababu hata salamu zake zilikwaruza. Sasa alikuwa amepata pa kusugua, na hakupapenda hata kidogo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Meneja wa ukumbi wa mikutano alikutwa amekufa kwenye buti ya gari lake, nyuma ya ukumbi huo huo, asubuhi ya pili baada ya mahafali ya chuo cha ushonaji. Kwanza kila mtu, Msasa akiwemo, aliamini kwamba ameuawa hapo hapo, na waliokuwa ukumbini jioni ile wakaanza kuonekana wote wabaya. Halafu daktari akasema saa za kifo ni zile za hotuba, na damu ikapatikana kwenye stoo ya marehemu, upande wa pili wa mji. Mambo yakageuka juu chini. Aliyekuwa ukumbini wakati wa hotuba akawa msafi. Asiyeonekana ndiye aliyekuwa mashakani.

Na asiyeonekana alikuwa fundi umeme mmoja anayeitwa Nyaya. Marehemu alikuwa amemzaba kibao mbele ya watu wiki ile. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake, maana ndiye aliyefunga taa za humo, na alama za vidole vyake zilijaa kwenye swichi. Alisema alikuwa ukumbini akishughulikia umeme, na kwamba wakati wa hotuba alipita jukwaani. Wahitimu hawakumkumbuka. Mkuu wa chuo alikumbuka kwamba taa zilizimika, na kwamba alimtania kidogo fundi fulani alipopita. Sura ya fundi hakuikumbuka. "Fundi ni fundi," alisema, bila nia mbaya. Kwenye video, hotuba ilitiririka mwanzo hadi mwisho bila taa kuzimika, bila utani na bila fundi. Kesho jalada lilikuwa linakwenda kwa wakili wa serikali, na kosa lenyewe halina dhamana. Likishaondoka kituoni, Nyaya angezeekea ndani.

Msasa alipanda ngazi, akakaa, akaanza kuhesabiana na akili yake. Video ilikuwa sehemu mbili tu: chuoni na kituoni. Zote zilitoka pamoja, zote hazina fundi. Huyu dada basi aliona ipi? Kwamba anadanganya? Muongo husema "alionekana wazi, kila mtu alimwona." Hasemi kola. Hageuzi shingo yake kukuonyesha kiasi cha kugeuka.

Akachukua kofia, akatoka.

*

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Pazia jeusi dirishani, feni inayokoroma, skrini mbili, na nyaya sakafuni kiasi kwamba mgeni lazima atembee kama anavuka kijito. Mhariri wa picha, jina lake la kazi Mkasi, alikuwa mwembamba, miwani ameipandisha kipajini, mdomoni anatafuna kifuniko cha kalamu.

"Afande! Mbona tulishamaliza? Mtaalamu wenu wa kompyuta alikuja, akaangalia, akaandika, akasema kila kitu kiko sawa."

"Najua alichoandika." Msasa alivuta kiti. Ripoti alikuwa anaijua kwa moyo: faili la kazi lilihifadhiwa mara ya mwisho siku moja kabla maiti haijapatikana, na halijaguswa tangu hapo, kwa hiyo video iliyotokana nalo ni halali. Ripoti safi, imepigwa muhuri. "Nifungulie hilo faili nami nilione."

Mkasi alibofya. Kwenye skrini ukatokea mstari mrefu wa vibao vya rangi, kimoja baada ya kingine. Kuingia. Hotuba. Vyeti. Kufunga.

"Hivi ni vipande vya video?"

"Hapana. Ni miradi."

"Sema kwa Kiswahili cha mtu aliyesomea kukamata wezi."

Mkasi alicheka kidogo, akalegea. Mtu ukimuuliza kazi yake hulegea, na Msasa alilijua hilo kuliko alivyojua sheria. "Sherehe ni ndefu, afande. Ukiiweka yote mahali pamoja kompyuta inagoma. Kwa hiyo kila sehemu naifanyia mradi wake peke yake, natengeneza, namaliza. Halafu nachukua ile miradi naiweka ndani ya mmoja mkubwa, kana kwamba ni vipande vya kawaida. Huyu mkubwa namwita mama. Hawa ni watoto."

"Na picha zenyewe ziko ndani ya mama?"

"Mama hana picha hata moja. Wala mtoto hana. Ni maelekezo tu. Mtoto anasema: chukua picha ya kamera ile, anzia hapa, kata pale. Mama anasema: nenda kwa mtoto ukaangalie anasemaje." Mikono yake ilikuwa inachora hewani. "Raha yake ni kwamba mteja akisema hotuba ina giza, sihangaiki na mama. Namfungua mtoto, narekebisha, nahifadhi. Siku nyingine mama akifunguliwa, anamkuta mtoto alivyo sasa. Inaingia yenyewe."

"Hata kama mama hakuguswa."

"Hata kama mama haku—"

Mkasi alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali kabla hajajua anakubali nini. Kifuniko cha kalamu kikamdondoka. Chini, mtu wa vipuri alikuwa akigonga chuma, na humu ndani feni ikaendelea kukoroma.

"Mtaalamu wetu aliangalia tarehe ya nani?" Msasa aliuliza.

"Ya mama."

"Na ya watoto?"

"Hakuuliza."

"Nauliza mimi."

Watoto watatu walikuwa na tarehe za zamani. Wa nne, Hotuba, alikuwa amehifadhiwa baada ya maiti kupatikana, na kabla polisi hawajaja kuchukua video. Msasa aliisoma tarehe ile mara mbili, kisha akamgeukia mhariri.

"Nani alikulipa?"

"Hakuna aliyenilipa, afande, naapa!"

"Nani alikutisha?"

"Wala."

"Basi ulimkata mtu kwenye video ya kesi ya mauaji kwa sababu gani? Kwa sababu siku hiyo ulikuwa huna la kufanya?"

Mkasi alivua miwani yake kipajini, akaishika mikononi. "Alikuja kulia hapa. Pale kwenye hicho kiti ulichokalia. Sikujua ni ya mauaji, afande, nilijua tu kuna matatizo pale ukumbini. Nilimwonea huruma."

"Nani?"

"Dada yake."

Msasa alikuja na jibu hilo mfukoni tangu kituoni, ila alikuwa na tumaini dogo kwamba studio ingempa jibu jingine, la mtu mbaya. Mtu mbaya unamfunga pingu, mambo yanakwisha.

"Endelea."

"Alisema polisi wanawatafuta waliokuwa ukumbini, na mdogo wake alikuwepo, na watamkamata bure. Akaniomba nimwonyeshe. Nikamfungulia Hotuba. Alipomwona akapiga kelele, 'Huyo huyo, mtoe!' Nikatoa. Pale taa zilipozimika na yeye kupita. Nikaunganisha kabla na baada, nikaficha kiungo kwa picha ya wageni wakipiga makofi. Kazi nzuri, huwezi kujua." Kiburi cha kazi kilimponyoka, akakimeza haraka. "Aliniuliza, 'Na kwenye ile kubwa?' Nikamwambia ile kubwa siigusi, nafanyia humu kwa mtoto. Na kweli sikuigusa. Mlipokuja, nilimfungua mama, nikatoa video, nikawapa. Sikuhifadhi chochote."

Hapo ndipo Msasa alipoelewa yule mwanamke wa kwenye benchi. Alikuwa anarudi kila siku kudai ile kubwa kwa sababu aliamini mdogo wake bado yumo humo. Aliamini vile vile alivyoamini mtaalamu mwenye muhuri: kwamba kitu ambacho hakikuguswa hakikubadilika.

"Mrudishe," Msasa alisema. "Mtoto anatoa maelekezo tu, si ndiyo? Badilisha maelekezo. Mwambie arudishe kile kipande."

"Nitamwambia. Lakini picha hazipo."

"Hazipo vipi?"

"Zile picha mbichi za kamera. Diski ni hiyo moja. Kazi ikiisha na mteja akishapokea, nafuta picha mbichi, nabaki na miradi. Ndivyo tunavyofanya wote, hatuna mahali pa kuweka. Kadi za kamera zimeshapigiwa harusi na misiba sijui mingapi." Alimtazama Msasa kwa jicho la kuomba. "Nilimuuliza mtaalamu wenu kwanza. Akasema, 'Futa tu, tumeshamaliza na mama.'"

"Programu haihifadhi nakala za nyuma?"

"Za mradi, ndiyo."

"Fungua."

Mkasi alichimba ndani ya mafolda, akapata Hotuba ya zamani, ile ya kabla ya machozi. Akaifungua. Msasa alisogea mpaka pumzi yake ikaugusa uso wa skrini. Vibao vya hotuba vilitokea vyote, na katikati, mahali pale, palikuwa na kibao kimoja zaidi. Kilikuwepo! Kilikuwa chekundu chote, na juu yake maandishi meupe: Faili halipo.

"Bofya."

Mkasi akabofya. Skrini ikawa nyekundu. Kibao kilipita chote na wekundu wake, kikaisha, kikafuata kingine, nacho chekundu. Vyote vilikuwa vyekundu. Hotuba nzima ilikuwa maelekezo ya kwenda kuchukua vitu visivyokuwepo.

"Hii hapa chini ni nini?" Chini ya kibao palikuwa na mchoro mwembamba, vilima na mabonde.

"Umbo la sauti. Programu hulichora mara moja na kuliweka. Sauti yenyewe imefutika pamoja na picha." Mkasi aliweka kidole kwenye sehemu tambarare. "Hapa umeme umekatika, kipaza sauti kimekufa. Hapa umerudi. Na hiki kilima ni watu wanacheka. Mkuu alimtania, 'Fundi, ulitaka tusherehekee gizani?' Kitu kama hicho."

Walikiangalia kicheko hicho wote wawili. Msasa alijikuta ameinamisha sikio, akajiona mjinga, akakaa sawa.

"Utakuja mahakamani useme ulimwona."

"Nitasema nilimwona mtu, afande. Shati, waya, mgongo."

"Dada yake anasema aligeuka."

"Inawezekana aligeuka." Mkasi alipangusa miwani kwa upindo wa shati, akaendelea kuipangusa ingawa ilikuwa imeshatakata. "Mimi nilikuwa naangalia mstari wa chini, pale pa kukata. Ukikata huangalii nyuso, unaangalia pa kukata. Kwamba ni mdogo wake, aliniambia yeye. Mtu huyo simjui. Nikisimama nikaletewa watu watatu wenye waya begani, nitaokota yeyote."

Aliyasema bila ujanja wowote, na hilo ndilo lililomuuma Msasa. Muongo angeweza kumbana. Huyu alikuwa anasema kweli, na kweli yake haikuwa na faida kwa mtu yeyote.

*

Alimpigia simu wakili wa serikali akiwa mlangoni pa duka la vipuri, kidole kimoja sikioni kwa ajili ya ile nyundo. Akaeleza. Alieleza vizuri, mama na watoto na wekundu na kilima cha kicheko.

"Kwa hiyo una nini mkononi?" wakili aliuliza.

"Nina uhakika kwamba kuna kipande kilitolewa, na kwamba ndani yake kulikuwa na fundi."

"Fundi gani?"

"Dada wa mtuhumiwa anamtambua."

"Dada wa mtuhumiwa ambaye ndiye aliyemtoa." Wakili hakuwa mtu mbaya, alivuta pumzi kabla ya kuendelea. "Inspekta, sikiliza. Ukiniletea maelezo ya huyo mwanamke, nitayatumia. Nitasimama na kusema familia ilichezea ushahidi. Na wewe ungekuwa mimi ungesema hivyo hivyo."

"Na nisipokuletea?"

"Utaleta jalada la mtu asiyeonekana mahali anaposema alikuwepo." Akashusha sauti. "Wewe unaamini alikuwepo?"

"Naamini."

"Pole," wakili alisema, na ilisikika kama pole ya kweli. Simu ikakatika.

*

Kwa dobi kulikuwa na joto la kukausha koo. Wanawake watatu walikuwa wamesimama mbele ya meza ndefu, pasi zinapumua mvuke, mashuka ya hoteli yamepangwa mpaka mabegani mwao. Dada wa Nyaya alikuwa wa mwisho. Alipomwona Msasa uso wake ulifunguka wote.

"Mmeipata ile kubwa!"

"Dada, njoo tukae."

"Si useme tu? Mmempata?"

Walikaa kwenye vikapu vya nguo chafu, nyuma, karibu na mashine za kufulia. Msasa alimweleza taratibu. Alitumia shuka: akakunja moja ndogo, akaiweka ndani ya kubwa, akakunja kubwa juu yake. Ukiitoa ile ya ndani doa, alisema, ya nje huigusi, lakini siku ukifungua zote mbili, doa halipo. Ulikuwa mfano wa ovyo lakini alielewa. Msasa aliona alipoelewa, kwa sababu mikono yake ilianza kuikunjua ile kubwa, ikaitoa ndogo, ikaigeuza upande huu na huu.

"Lakini alisema ile kubwa haigusi," alisema.

"Hakuigusa."

"Basi amrudishe. Nitamwomba mie. Ni mtu mwenye huruma, yule."

"Picha amefuta. Hakuna cha kurudisha."

Alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Wewe ulikuja nyumbani," alisema. "Ulikaa kwenye kiti cha marehemu baba. Ukasema kila aliyekuwa ukumbini jioni ile ana la kujibu, na atakayefichwa atachukuliwa pamoja na aliyemficha. Nilimlea mimi huyu. Mama alipofariki alikuwa hajaanza kutembea. Ungetaka nifanye nini?"

"Nilisema hivyo," Msasa alijibu. Siku ile ilikuwa kweli, na wiki ile ile ikaacha kuwa kweli, na hakuna askari aliyerudi nyumbani kwake kumwambia.

"Mbona hukuniambia mapema kwamba mambo yamegeuka?"

"Nilimwambia yeye, mahabusu. Ndipo akasema alipita jukwaani."

"Na mimi nikawa nakuja pale kituoni kila siku, nawaambia yumo." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Mnaniangalia kama kichaa."

Mashine moja ilimaliza kuzunguka, ikatulia. Msimamizi alichungulia mlangoni, akaiona kofia ya polisi, akarudi alikotoka.

Msasa alitoa karatasi za maelezo kwenye mfuko wa koti, akaziweka gotini, akafungua kalamu. Alikuwa amefikiri njia nzima kuziacha mfukoni. Lakini Mkasi angeulizwa, na Mkasi angesema, na maelezo haya yakitoka kinywani mwa mtu mwingine yangekuwa mabaya zaidi. Angalau yeye aseme mwenyewe kwa nini.

"Lazima nikueleze," alisema. "Haya hayatamsaidia. Huenda yakamwongezea. Na wewe pia yanaweza kukuweka ndani. Una haki ya kunyamaza."

"Nikinyamaza atatoka?"

"Hapana."

"Nikisema?"

"Hapana, dada."

Aliikunja ile shuka ndogo, pembe kwa pembe, akailaza gotini na kuinyoosha kwa kiganja mpaka haikuwa na mkunjo hata mmoja. "Nitakayoyasema atayasikia?"

"Yatasomwa mahakamani. Atakuwa kizimbani."

"Yote? Hata kwamba nilisema 'mtoe'?"

"Neno kwa neno."

Chumba cha mbele pasi ziliendelea kupumua, na mwanamke mmoja aliita jina lake, akaita tena, akaacha. Msasa alisubiri. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, imeacha nukta.

"Usianze na studio," alisema dada. "Andika kwanza kwamba mimi ni dada yake. Andika kwamba nilimwona, na nilimtambua kabla hajageuka."

Msasa akaanza kuandika.